Nani alitufunga miguu kwenye pedeli?

Nilianguka pale Mwenge, kwenye mataa, saa mbili asubuhi, nikiwa nimesimama.

Naomba isomeke vizuri hiyo: nikiwa nimesimama. Sikugongwa na gari, hakuna bodaboda aliyenichomekea, wala mvua haikuwa imenyesha. Taa iliwaka nyekundu, nikashika breki kama raia mwema, baiskeli ikatulia, halafu mimi na baiskeli yangu tukalala upande wa kulia, taratibu, kama mgomba uliokatwa. Upande wa kulia ndio upande wa magari. Daladala iliyokuwa nyuma yangu ilifunga breki hatua chache kutoka kichwani kwangu, na konda akachungulia dirishani kuniuliza kama huwa nalala saa hizo.

Kilichoniangusha ni viatu. Wiki moja kabla nilikuwa nimevipata Mchikichini kwenye mitumba: vyeusi, namba 42, soli ngumu kama ubao, na chini vina matundu mawili ya skrubu. Muuzaji aliniapia kuwa ni vya kuchezea mpira. Mimi nilivijua ni vya baiskeli, vile ambavyo ukifunga kipande cha chuma kwenye soli vinang'ata pedeli na kushikana nayo. Kuna jamaa mmoja huwa tunaendesha pamoja Jumapili, alikuwa ameniambia kwamba mwendeshaji wa kweli hufunga miguu, na akaniuzia pedeli zake za zamani. Basi nikafunga. Kwenye kwenda mbele vilikuwa vitamu, sikatai. Shida ilikuwa kusimama. Ili mguu utoke lazima upeleke kisigino nje, pembeni, lakini mwili wa mtu ukishtuka unanyanyua mguu juu. Ukiunyanyua hautoki ng'o.

Nilipomaliza kujikung'uta vumbi (na aibu), swali la kikazi likaniingia. Hivi nani alianzisha habari hii ya kufunga miguu? Na alikuwa anamfikiria nani? Maana mimi natoka Tegeta kwenda mjini kila siku, sishindani na mtu. Nikaanza kuchimba.

Mwanzoni hakukuwa na pedeli kabisa. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitoka mjini Mannheim akielekea Schwetzingen juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akijisukuma kwa kupiga hatua ardhini. Ilikuwa kama kukimbia huku umekaa. Viatu ndivyo vilivyokuwa injini, tena vikawa breki, na unaweza kukisia soli zilikuwa zinaisha kwa kasi gani. Kwa hiyo kiatu kiliingia kwenye historia ya baiskeli kabla ya pedeli, na ndicho kilichoumia kwanza!

Pedeli ilikuja Paris katika miaka ya 1860, na mpaka leo watu wanabishana ni ya nani. Wapo wanaompa sifa Pierre Michaux, mhunzi. Wengine wanamtaja Pierre Lallement, fundi kijana aliyechukua wazo hilo akavuka nalo bahari kwenda Marekani, na tarehe 20 Novemba 1866 akapewa hataza huko. Lallement hakutajirika nalo. Alifariki Boston mwaka 1891 akiwa hajulikani, na leo mji huohuo una njia ya baiskeli yenye jina lake. Yaleyale ya siku zote.

Pedeli hizo za kwanza zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kama zile za baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja. Ukitaka mwendo zaidi dawa ni moja tu, kulikuza gurudumu. Ndiyo maana katika miaka ya 1870 Waingereza walijikuta wanapanda yale madude yenye gurudumu la mbele lenye kimo cha kifua cha mtu na la nyuma dogo kama sahani. Hayakuwa na friwili, kwa hiyo kwenye mteremko pedeli zilizunguka zenyewe kama wazimu. Waendeshaji walifanya nini? Walitoa miguu kwenye pedeli na kuining'iniza mbele, juu ya usukani, ili wakirushwa watue kwa miguu badala ya kutua kwa kichwa. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Hawa watu wa miaka 140 na ushei iliyopita walikuwa wamelielewa jambo ambalo mimi nililisahau pale Mwenge: mguu ulio huru ndio bima ya kwanza.

Halafu ukaja mwaka 1885. John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Aina hiyo ikajulikana kama baiskeli ya usalama. Tunapenda kusema usalama wenyewe uliletwa na mnyororo. Ni kweli, lakini tazama pia mnyororo ulifanya nini kwa miguu. Kwa kuwa pedeli haikuwa tena kwenye gurudumu kubwa, kiti kilishuka, na mtu aliweza kusimama akaweka mguu chini. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akiwa Belfast akaleta tairi la upepo. Karani, mwalimu na muuguzi wakaanza kwenda kazini kwa baiskeli.

Hapo ndipo pedeli ilipogawanyika, na kwangu mimi huu ndio mgawanyiko wa maana kuliko yote yaliyofuata. Upande mmoja kulikuwa na pedeli ya chuma yenye kingo za meno, ambayo Waingereza waliibatiza jina la mtego wa panya. Hiyo ilikuwa ya wanamichezo. Inang'ata soli vizuri, na inaitafuna pia. Upande wa pili kulikuwa na pedeli pana yenye vipande viwili vya mpira, mmoja mbele ya ekseli na mmoja nyuma. Hiyo ilitengenezwa kwa mtu aliyevaa kiatu chake cha kawaida, anayefika kazini, anashuka na kuendelea na shughuli. Haimuulizi amevaa nini.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hili nisipolisema fundi wangu hatanisamehe. Pedeli ya kulia hukazwa kama nati yoyote. Ya kushoto ni kinyume. Wengi huilazimisha na kuharibu uzi wa krenki, kisha wanalaumu Wachina. Ukitaka kujua kwa nini iko hivyo, shika penseli kwa ngumi iliyolegea, halafu zungusha ncha yake duara: penseli yenyewe itajizungusha upande wa pili. Mguu wako unaifanyia hivyohivyo ekseli ya pedeli mara maelfu kwa siku, na uzi ungekuwa wa kawaida pande zote, ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani. Mwaka 1900 karakana moja ya baiskeli ya Dayton, Ohio, ilikuwa inajitangaza kwa pedeli zisizojifungua. Wenye karakana waliitwa Wilbur na Orville Wright. Ndiyo, haohao. Ndege yao ilipaa Desemba 1903. Kanuni ya fundi ni rahisi: weka spana juu ya pedeli, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unakaza, kuelekea la nyuma unafungua. Ni hivyo kwa pande zote mbili.

Turudi kwenye mpira. Pedeli ya mpira ndiyo iliyokuja kwetu. Baiskeli nzito nyeusi za Raleigh kutoka Nottingham zilikuja nazo, na baadaye Phoenix za Shanghai, zilizofuata umbo lilelile la Kiingereza, zilikuja nazo. Nilimpigia simu baba yangu Igunga kumuuliza kuhusu Phoenix yake, ile aliyoinunua alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mifugo, nikamuuliza: hivi pedeli zake zilikuwaje?

Akanyamaza kidogo. "Zipi? Za dukani, au zile za kwako?"

Za kwangu! Nilikuwa nimesahau. Pedeli za dukani zilikaa miaka michache tu. Mpira uliisha kwanza, ukachomoka kipande kimoja, cha pili kikafuata, baadaye vile vyuma vya pembeni navyo vikaanguka, ikabaki ekseli tupu inayong'aa kama kijiko kwa kusuguliwa. Mimi nilijifunza baiskeli hapo, chini ya bomba la juu kwa sababu kiti nilikuwa sikifikii, nimevaa yeboyebo, nakanyaga kijiti cha chuma kisicho na upana wa vidole viwili. Nilikuwa nateleza kila baada ya mizunguko kadhaa, na krenki ikinirudi kwenye muundi. Alama ninazo mpaka leo. Mwishowe fundi wa pale sokoni alikata vipande vya tairi la gari, akavitoboa na kuvifunga kwa waya kwenye zile ekseli. Hizo ndizo baba anazoziita za kwangu. Na mwenyewe alikuwa anavaa katambuga, za tairi vilevile. Tairi juu ya tairi. Sijawahi kukutana na pedeli na kiatu vilivyoshikana vile, na hapo nimeshapitia vya Kifaransa na vya Kijapani, kama utakavyoona.

Sikumuuliza kuhusu dada. Tuliyajua wote wawili. Siku moja alipakiwa kwenye keria akiwa na miaka sita, miguu inaning'inia kwa kuwa hapakuwa na pa kuikanyagia, na kisigino kikaingia kwenye spoki. Ndala ilibaki ndani ya gurudumu. Alikaa wiki nyingi bila kwenda shule. Ndiyo maana nikiona baiskeli za abiria macho yangu yanakwenda chini kwanza. Biashara hiyo ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ikapewa jina la boda boda kwa kuwa ilikuwa inavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na walioifanya wakajifunza kufunga vyuma viwili kando ya ekseli ya nyuma kwa ajili ya miguu ya abiria. Hutaona jina la aliyevibuni popote. Kwa maoni yangu, kwa baiskeli ya kila siku vyuma hivyo ni uvumbuzi mkubwa kuliko vingi vilivyopewa hataza.

Sasa tuje kwa waliotufunga.

Kufunga miguu ni wazo la zamani kuliko nilivyodhani. Mmarekani Charles Hanson alibuni mwaka 1895 pedeli ambayo kiatu kinajifunga na kujifungua kwa kuzungushwa. Haikushika. Walioendesha mashindano walichagua klipu za vidole: kikapu cha chuma mbele ya pedeli, na mkanda wa ngozi unaokazwa kwa mkono. Walivaa viatu vyembamba vya ngozi vilivyopigiliwa kipande chenye mfereji chini ya soli, ili kikae kwenye ukingo wa pedeli. Kabla ya kumalizia mbio unainama, unavuta mkanda, na kuanzia hapo wewe na baiskeli ni kitu kimoja, kwa heri au kwa shari. Mambo yalikwenda hivyo kwa zaidi ya miaka 80.

Mwitalia Cino Cinelli, bingwa wa Milan–San Remo wa mwaka 1943 aliyegeuka mtengenezaji wa vifaa, alijaribu kuondoa mkanda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pedeli yake, M71, ilishika kiatu barabara, ila kukitoa ilibidi uiname ukavute kitenzo kwa mkono. Watu wakaziita pedeli za kifo. (Mimi ningekuwa nazo pale Mwenge, nadhani makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.)

Jibu lilitoka kwenye theluji. LOOK ilikuwa kampuni ya Kifaransa ya kutengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, vile vinavyoshika buti na kuliachia mtu anapoanguka ili mguu usivunjike. Mwaka 1984 ikahamishia wazo hilo kwenye baiskeli: kanyaga, kinajifunga, peleka kisigino nje, kinaachia. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France kwa pedeli hizo, ushindi wake wa tano, na mikanda ya ngozi ikaanza safari ya kwenda makumbusho. Waingereza wakaziita kwa jina linalomaanisha "zisizo na klipu", ingawa ndizo zinazokufunga kuliko zote. Walimaanisha tu kwamba kile kikapu cha vidole hakipo. Jina hilo limewachanganya wanunuzi tangu siku hiyo.

Ila jaribu kutembea na viatu vya LOOK. Kipande cha chini kimetokeza, unatembea kama bata kwenye vigae. Wajapani wa Shimano ndio waliolitazama tatizo hilo, na si kwa ajili yetu bali kwa waendesha baiskeli wa milimani, ambao lazima washuke na kusukuma. Mwaka 1990 walitoa mfumo wa SPD, kipande kidogo cha chuma kwa skrubu mbili, kimefichwa ndani ya mfereji wa soli. Hivyo ndivyo viatu vyangu vya Mchikichini. Matundu matatu yaliyokaa pembetatu ni familia ya LOOK na ndugu zake wa barabarani, matundu mawili ni hii ya kutembelea. Ukiwa mnunuzi wa mitumba hilo tu linakutosha kutobishana na muuzaji.

Kwa hiyo jibu la swali langu nikawa nalo. Walionifunga ni washindani wa mbio, wakisaidiwa na watu wa theluji. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria mtu anayesimama mara arobaini kati ya Tegeta na Posta.

Yule jamaa wa Jumapili nilipomsimulia alibaki na hoja moja: ukifunga mguu unaweza pia kuivuta pedeli juu, unapata nguvu za bure. Nikalichimba na hilo. Thomas Korff na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti ambao waendeshaji waliambiwa wavute kwa makusudi wakati mguu unapanda. Nguvu ziligawanyika vizuri zaidi kwenye mzunguko, kweli, lakini mwili ulitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ileile. Za bure hazikuwa za bure. Faida ya kufunga ipo, hasa ukiwa unakimbia sana au njia ina mashimo na mguu unarukaruka. Kwa mwendo wa kwenda kazini sikuiona. Jamaa hakukubali, na tukaagana vizuri.

Nimerudi kwenye pedeli ya wazi. Fundi wangu wa chini ya mwarobaini, Kijitonyama, alinipa mbili za kuchagua. Moja ya aluminiamu, pana, ina vijino vidogo vinavyoshika raba kama gundi, ila vijino hivyo vinakwaruza soli ya kiatu cha ofisi, na siku ukiteleza vinachonga muundi. Nyingine ni ya mpira, ileile ya Raleigh, imebadilika kidogo sana. Mvua ikinyesha mpira huteleza, hilo ulijue. Nilichagua ya mpira kwa sababu navaa moka siku za kazi na sitaki kubeba viatu viwili kwenye begi. Ningekuwa natoka na raba kila siku ningechukua ya vijino. Kabla ya kununua angalia uzi: pedeli nyingi ni za inchi 9/16, lakini baiskeli zenye krenki ya kipande kimoja, na za watoto wengi, hutumia nusu inchi, na hakuna nyundo itakayozipatanisha. Izungushe kwa kidole usikilize gololi. Na usizing'oe zile reflekta za njano. Usiku taa ya gari ikizimulika zinapanda na kushuka, na dereva anajua mara moja kuwa hiyo ni baiskeli, hata kama hajakuona wewe.

Kuhusu kiatu sina mengi. Kandambili inakunjika juu ya pedeli, unyayo unachoka bure, na ikichomoka utaifuata barabarani. Mchuchumio nimeona dada mmoja akiendesha nao Sinza kwa ustadi wa kutisha, sina la kumfundisha. Kiatu chochote kinachofunika vidole, chenye soli isiyojikunja sana, kinafaa. Kamba za kiatu cha kulia zichomeke ndani, kwa sababu upande huo ndio wenye mnyororo na mnyororo hauna huruma. Kanyaga kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole.

Baba alinipigia tena wiki iliyopita kuniuliza kama nimepata za tairi huku mjini. Nikamwambia hapana, ila za mpira nimepata. Akasema hizo zitaisha.

Vile viatu namba 42 nimempa kijana wa ofisini anayejiandaa kwa mashindano. Yeye ana sababu ya kuvifunga. Nimemwambia akikaribia mataa autoe mguu wa kushoto mapema, angali anatembea, na aegemee upande wa ukingo wa barabara.